Mkondo wa Saba Hauna Jina

Jumanne, 9 Septemba

Siwezi kukaa. Nimekaa mara nne tangu nitoke kazini na mara nne nimeinuka. Mke wangu kaniuliza kama nimekalia siafu. Nimemjibu kwamba huu ni ubunifu. Kasema basi ubunifu uende dukani ulete chumvi.

Nimerudi. Chumvi nimesahau. Niandike kwa utaratibu.

Leo Kocha ametangaza kwamba ramani ya mto itazinduliwa Jumapili ya tarehe ishirini na moja, Siku ya Mto, mbele ya klabu nzima na wageni. Ramani ya nani? Yangu! Ukuta mzima wa banda la boti, mita sita kwa mbili. Miezi mitatu nimeuchora kwa mkono huu, bila malipo, kwa moyo wa kujitolea. Rangi nimetoa dukani ninakofanya kazi, yale makopo ambayo wateja huyarudisha kwa sababu yamechanganywa vibaya. Ndiyo maana mto wetu ukutani ni wa zambarau. Nimewaeleza kuwa ni mtindo.

Sasa jambo lenyewe. Mto una mikondo saba, yaani sehemu saba ambapo maji yanabanwa na mawe, yanapandwa na wazimu na kutoa povu. Watu wa klabu hupita humo kwa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, na boti za mpira, kwa hiari yao, tena wakicheka. Mikondo sita ina majina. Wa saba hauna. Umezaliwa mwaka huu, mafuriko yaliposukuma jiwe kubwa kama kichwa cha lori hadi ndani ya mto.

Na desturi ya klabu ni hii: mkondo huitwa kwa jina la mtu wa kwanza kuanguka hapo. Kupita salama hakukupi kitu. Masharti ni matatu. Uwe umeanguka kutoka ndani ya boti. Mashahidi wawili wawe wamekuona. Isiwe makusudi. Ndiyo maana tuna Mkondo wa Fundi Bomba, tuna Daktari wa Meno, tuna Shangazi, tuna Mapacha, ambao walianguka pamoja na mpaka leo wanabishana nani alitangulia.

Miaka miwili najitolea. Nimeandika namba kwenye kofia ngumu thelathini. Mabango yote ni yangu. Jarida la klabu nahariri mimi. Na mto mzima huu hauna hata kokoto yenye jina langu! Wananiita Bwana Rangi, tena wanapotaka kitu. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: inaniuma. Wakikaa ukingoni kusimuliana nani aliangukia wapi, mimi hushika kikombe changu na kucheka pale wanapocheka wenzangu.

Mkondo wa Bwana Rangi. Nimeuandika mara tisa pembeni mwa gazeti. Unapendeza mno.

Kuna kikwazo kimoja. Sijawahi kupanda boti. Siogopi maji. Sipendi tu yanavyokwenda.

Jumatano, 10 Septemba

Mama mkwe amewasili. Atakaa wiki tatu. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na nne na bado anaingia sebuleni kana kwamba sisi wote tumechelewa. Nimempokea mzigo, nimemwamkia, nimemuuliza habari za safari. Kajibu nzuri, kisha akaniangalia viatu.

Alasiri, wao wakiwa jikoni, nilianza mazoezi. Kuanguka kwa makusudi kukionekana ni makusudi, kazi bure. Lazima kuwe na mshangao. Nilikaa kwenye stuli chumbani, ufagio mkononi badala ya kasia, nikaanguka upande wa kushoto. Nikaanguka upande wa kulia. Anguko la tatu lilikuwa zuri sana, na sauti nilitoa. Nilipofungua macho mama mkwe alikuwa mlangoni.

Nilikuwa sakafuni na ufagio. Kisha nikamsikia koridoni akimuuliza binti yake, kwa sauti ya chini lakini ya darasani, kama mume wake ana tatizo lolote ambalo familia haikuambiwa.

Mke wangu akamjibu kwamba huwa hivyo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepitia klabu kuomba nafasi kwenye boti. Kocha ni mama mtulivu, mabega kama mlango, hajawahi kupaza sauti isipokuwa majini. Alishangaa. Akasema kayaki hapana mpaka nijue kuogelea, lakini kwenye boti kubwa ya mpira naweza kukaa Jumamosi, kwa kuwa maelezo ya usalama nimeyasikia kila wiki. Nimeyasikia, kweli. Mara mia moja na tatu. Ila Kocha akianza kueleza mimi huwa nachora mikono ya watu, kwa sababu hapo ndipo wanapotulia.

Akanipa na kazi. Juu ya mkondo wa saba anataka kibao. Ukiwa unashuka, lile jiwe halionekani mpaka umefika. Njia salama ni kushoto. Kwa hiyo: neno kubwa, mshale mkubwa, basi. Akasisitiza neno basi, kwa sababu kibao changu cha mwisho kilikuwa na vipepeo.

Alikuwepo Lenzi. Lenzi ni mpiga picha wa klabu, naye anajitolea, ana miezi minne tu. Anabonyeza kidude, kila mtu anasema aah. Mimi nachora ukuta mzima, watu wananiuliza mbona zambarau. Tena anajua kuendesha kayaki! Kasema Jumamosi na yeye ataujaribu mkondo wa saba. Kasema hivihivi, huku akifuta kioo cha kamera.

Nimemwelewa vizuri sana. Anautaka.

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa.

Nimepanda boti. Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Watu sita, Kocha nyuma anaelekeza. Nilikaa ukingoni mwa boti kama wengine, mguu mmoja nimeuchomeka chini kama walivyonionyesha, halafu kisirisiri nikauchomoa. Mpango ulikuwa rahisi. Tufike mkondo wa saba, boti iyumbe, niondoke nayo.

Mikondo sita ya kwanza sikuiona. Nilikuwa nimefumba macho. Walipopiga kelele kwamba wa saba huo, nikafumbua, nikaona maji yanaporomoka mbele yetu, nikasema moyoni sasa. Nikajiachia.

Sikuanguka! Mkono ulinidaka nyuma ya jaketi. Kocha. Kwa mkono mmoja, kasia likiwa kwenye mwingine, akaninyanyua kama paka na mtoto wake, akanirudisha ndani. Tukapita. Boti nzima ikampigia Kocha makofi. Daktari wa Meno akanishika bega kunipa pole. Akasema nilikuwa karibu sana.

Karibu sana! Najua!

Lenzi kapita na kayaki mara mbili, kakauka kama kitambaa. Hilo limenipa nafuu. Lakini kati ya mara ya kwanza na ya pili alipata wasaa wa kunipiga picha. Nimening'inia kwa jaketi, mdomo wazi, miguu miwili hewani. Imeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ubao niliouchora mimi.

Jumapili, 14 Septemba

Lenzi ameanguka mkondo wa saba!

Nimepata habari saa nne asubuhi, nikakimbilia mtoni na ndala. Bahati, Mungu mkubwa: hakuwa kwenye boti. Alikuwa amesimama juu ya mwamba anapiga picha, akarudi nyuma hatua moja zaidi. Kalowa mpaka kofia. Kamera imepona.

Sikupoteza muda. Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa kamati, nikaeleza kwamba sharti la kwanza linasema wazi kutoka ndani ya boti, kwamba mwamba si boti kwa tafsiri yoyote ile, na kwamba klabu ikilegeza uzi hapa, kesho mtu atadai mkondo kwa kuteleza bafuni. Nimeipigisha plastiki ili isiharibiwe na unyevu. Nimemkabidhi Kocha mkononi.

Kaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akasema hakuna mtu aliyedai chochote. Lenzi mwenyewe alikuwa pembeni anakamua soksi. Akasema kwake jina la mkondo si neno, angalau kamera ni nzima, na je, nimekunywa chai?

Ujanja wa hali ya juu. Sikuinywa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimetoka dukani mapema kwenda kupima pa kuweka kibao. Niliamua kuuona mkondo wa saba kwa macho yangu, maana Jumamosi sikuuona vizuri. Nimeshuka njia ya chini, nikasimama kwenye daraja la miguu, maji yote yananijia usoni.

Na nilichokiona! Jiwe liko kushoto. Kushoto kabisa, peupe. Njia safi iko kulia. Nikaangalia mikono yangu kuhakikisha. Huu ninaoandikia ni wa kulia. Njia safi, kulia.

Kocha amekosea. Si ajabu, mama wa watu amechoka, maandalizi yote ya Siku ya Mto yako kichwani mwake. Ningeweza kwenda kumwambia. Lakini mimi si mtu wa kumwaibisha mwenzangu. Nitarekebisha kimyakimya na wala sitataka shukrani.

Kibao kimeandikwa. PITA KULIA. Mshale wa mita nzima. Rangi ni ile ya chungwa iliyorudishwa na mwenye zahanati, haikauki haraka, kwa hiyo nitakipigilia Jumapili asubuhi. Kipepeo ni mmoja tu, tena mdogo, kwenye kona.

Alhamisi, 18 Septemba

Usingizi hauji, chakula hakishuki, mguu wa kushoto unachezacheza wenyewe chini ya meza. Mama mkwe kasema niushike.

Amesoma jarida la klabu. Lote. Kwa kalamu nyekundu. Kanirudishia na maksi arobaini na mbili kwa mia, na maoni kwamba nina mawazo mengi lakini siyamalizi. Kisha akauliza huyo Kocha ni nani, na hiyo Siku ya Mto ni saa ngapi. Mke wangu akamwambia twende wote, mama. Nilijitia kukohoa. Haikusaidia. Anakuja.

Hata hivyo, mipango iko safi. Jana nimekamilisha ramani. Kwenye mkondo wa saba nimebandika karatasi nyeupe, nikawaambia nafasi inasubiri jina. Chini ya karatasi nimeshaandika kwa penseli, herufi nzuri za kupinda: BWANA RANGI. Siku ya Jumapili ni kufuatisha tu kwa brashi.

Na kuhusu kuanguka kwenyewe, nimepata dawa. Kosa la Jumamosi lilikuwa kujiachia. Mtu akijiachia, anaonekana, anadakwa. Lakini mtu akiteleza? Nani wa kulaumiwa? Nimechukua chupa ya sabuni ya vyombo jikoni, ile ya limau. Nimepangiwa boti ya pili, ukingo wa nyuma, upande wa kushoto. Nitapapaka kabla watu hawajafika.

Mke wangu anatafuta sabuni. Nimemsaidia kutafuta.

Jumapili, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nijikaze.

Alfajiri nimepigilia kibao. Nikapaka sabuni. Nikaoga, nikavaa shati la mikono mirefu ili jina likipatikana nionekane mwenye heshima. Saa tatu watu walikuwa wamejaa ukingoni. Wageni wa klabu ya jirani walikuja na nahodha wao, kijana wa watu mwenye ndevu, ambaye angeongoza boti ya pili. Kijana huyo haujui mto wetu. Aliambiwa afuate vibao.

Kocha alishatangulia kwa miguu, kwa njia ya chini, kungojea chini ya mkondo wa saba na kamba ya kuokolea, kama desturi. Lakini kabla hajaondoka alifanya jambo moja. Alimwona mama mkwe amesimama na mke wangu, mikono nyuma, anasikiliza maelezo ya usalama peke yake kana kwamba kuna mtihani. Kocha akavutiwa. Akamuuliza kama angependa kupanda. Mama mkwe akasema angependa. Kocha akatazama boti ya pili, ikawa imejaa. Akanitazama mimi.

Mbele ya watu themanini, Kocha akaniomba nimpishe mkwe wangu.

Ningefanyaje? Mkwe! Nikashuka. Nikamwonyesha njia kwa mkono, karibu mama, huku jasho linanitiririka mgongoni. Nikamshauri akae katikati, ndani, kuna utulivu. Kajibu kwamba kwa miaka thelathini na nne hajawahi kukaa katikati ya kitu chochote. Akakaa pangu. Ukingo wa nyuma, kushoto. Juu ya limau.

Hapo ndipo roho ilinigawanyika vipande viwili. Nikisema kuna sabuni, nimekwisha, maana sharti la tatu ni isiwe makusudi, na nani tena atanipa hata brashi? Nikinyamaza, mama mkwe. Nikafungua mdomo. Kikatoka kitu kuhusu jua kali. Boti ikaondoka.

Basi nikajipa moyo. Nikasema nahodha atapita kulia, kama kibao changu kinavyosema, maji laini, hakuna kuyumba, hakuna kuteleza. Nimewanusuru! Nikakimbia kwa njia ya ukingoni mpaka mkondo wa saba kushuhudia, umati nao ukanifuata.

Nikaiona boti inatokea kwenye kona. Nikamwona nahodha anakitazama kibao changu. Akakiamini, Mungu amsaidie. Akapiga kelele, wakapiga makasia wote kwa nguvu kwenda kulia, na wakaenda moja kwa moja kwenye jiwe.

Boti ilipanda jiwe upande mmoja ikasimama. Watano wakashika kamba za pembeni. Mama mkwe naye alishika, nilimwona, lakini sehemu ya chini iliondoka bila idhini yake. Aliteleza akiwa amekaa vilevile, mgongo wima, akaingia majini bila ukelele wowote.

Nikasahau jina. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli. Nikasahau mkondo, ramani, karatasi, kila kitu. Niliona kofia ya njano inapanda na kushuka kwenye povu, na namba niliyoiandika mwenyewe, ishirini na mbili, na nikapiga kelele mama. Sikusema mama mkwe. Nilisema mama. Nikaingia majini mpaka magotini na shati langu, na mimi siogelei.

Kumbe hakuhitaji mtu. Alikuwa amelala chali, miguu imetangulia, vidole vimetokeza juu ya maji, sawasawa na maelezo. Alisikiliza mara moja tu! Kocha akarusha kamba, mama mkwe akaidaka, akaipitisha begani, akavutwa hadi ukingoni taratibu. Akasimama. Akavua kofia, akakamua kilemba. Neno lake la kwanza, tulisikia sote, alitaka kujua nani ameandika kile kibao.

Kisha akacheka. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake na sijawahi kumwona anacheka. Alicheka mpaka akashikilia mti. Ukingo mzima ukalipuka kwa makofi.

Na mimi, bado niko magotini majini, ndipo nikahesabu. Ametoka ndani ya boti. Mashahidi themanini. Makusudi, hakuna.

Ya sabuni hakuna anayejua.

Wakafika kwenye ukuta wakauliza aitwe nani. Mwenyewe alisema zamani aliitwa Mwalimu Mkuu. Fundi Bomba akapinga, akasema asubuhi nzima hawakusikia jina jingine isipokuwa Bwana Rangi akiita mama mkwe karibu, mama mkwe kaa katikati, mama mkwe angalia jua. Wakapiga kura kwa mikono. Sikuhesabu. Ilikuwa mingi.

Wakanipa brashi. Mimi! Nikabandua karatasi.

Nilikuwa nimesahau penseli. Watu wote wakasoma BWANA RANGI, herufi za kupinda, zilizoandikwa kabla mtu yeyote hajaanguka. Kamera ya Lenzi haikulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikachovya brashi, nikaandika juu yake MAMA MKWE. Herufi nane. K imepinda kidogo.

Jumatatu, 22 Septemba

Kocha kaniita. Hakupaza sauti. Kanieleza kwamba mtoni mtu hahesabu kushoto na kulia kwa pale aliposimama. Anatazama maji yanakokwenda. Kushoto ni kushoto kwa yule anayeshuka, hata kama wewe umesimama darajani unayapokea usoni. Akasema ndilo jambo la kwanza katika maelezo ya usalama, kila wiki.

Nikamjibu kwamba jambo zito kama hilo lingefaa liwekwe kwenye maandishi.

Akanielekeza ukutani. Liko kwenye bango la usalama. Mstari wa kwanza. Bango nimelichora mimi, mwaka juzi. Fremu yake ni nzuri sana.

Uamuzi wa kamati: herufi naruhusiwa, mishale marufuku.

Nyumbani, pigo la pili. Mama mkwe alikuwa uani na suruali aliyoivaa jana. Aliinusa. Akanipa na mimi ninuse. Limau. Akaniuliza kama ile sabuni ya vyombo ilishapatikana. Nikasema bado. Tukatazamana. Kwa macho yale najua sasa kwa nini shule yake haikuwahi kuwa na watoro.

Nikasema yote. Stuli, penseli, ukingo wa nyuma. Sijui yalitokaje. Nikasema na lile la kikombe, kwamba huwa nacheka pale wanapocheka wenzangu.

Hakunifokea. Alianika suruali, akaweka vibanio viwili, akasema hatamwambia binti yake. Kisha akasema mwanangu, watu wale hawana habari kwamba unataka kuwa mmoja wao, wanadhani unapenda kuta. Kocha ana darasa la wanaoanza Jumamosi, kwenye bwawa la kuogelea, na amemwekea mama mkwe nafasi mbili. Moja ni yake. Ya pili ni yangu. Ingia majini na wenzako, akasema, ukianguka utakuwa umeanguka.

Nikamwahidi. Nimejisikia mwepesi kuliko siku zote za mwezi huu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekuwa nikitafakari. Mama mkwe, sawa. Lakini mama mkwe wa nani? Mtu hawi mama mkwe peke yake hewani. Lazima kuwe na mkwe. Mgeni akisoma pale ukutani atauliza, na klabu itamjibu nini?

Saa sita nimepita banda la boti nikaongeza, kwa herufi ndogo, chini yake: wa Bwana Rangi. Ni taarifa tu.

Saa tisa ilikuwa imefutwa. Nilimshuku Lenzi, mpaka nikaona karatasi imebandikwa pembeni kwa mwandiko wa Kocha. Imeandikwa: Nimekuona. Tukutane Jumamosi bwawani, njoo na taulo.

Lenzi naye alinifuata mpaka getini na bahasha. Ndani kuna picha. Ni mimi siku ile, majini mpaka magotini, mikono juu, nimepiga kelele. Kasema ndiyo picha bora aliyopiga mwaka huu na hajamwonyesha mtu, ni yangu. Kasema yeye alipoanza kayaki, kabla ya kuja klabu yetu, alikuwa anaogopa maji kuliko mimi.

Nimeichunguza kwa makini. Shati limechomoka. Anataka nini huyu?

Jumamosi, 27 Septemba

Asubuhi nzuri. Akili inachemka.

Nimegundua kitu ambacho klabu nzima haijawahi kukiona. Mikondo ina desturi yake ya majina. Mawe je? Lile jiwe lililosababisha yote halina jina! Na hakuna sharti lolote la kulipatia jina. Hakuna hata moja! Anayewahi kuandika masharti ndiye mwenye jiwe. Nimeshafika sharti la nne. La kwanza linasema jiwe huitwa kwa jina la mtu aliyeweka kibao kilicholifanya ligongwe. Nadhani linajitosheleza.

Saa mbili mama mkwe alitoka chumbani na taulo begani na kofia ya kuogelea tayari kichwani. Aliniletea na mimi taulo, la bluu. Mke wangu naye kaamua kwenda, ameambiwa kuna nafasi ya tatu. Wakasimama mlangoni wananingoja. Nikawaeleza kwamba leo nimebanwa, kuna kazi ya klabu, ni ya haraka, wawape wenzao salamu zangu.

Mke wangu alicheka. Mama mkwe hakucheka. Alingoja kidogo zaidi, kama mtu aliyeuliza swali darasani na anaamini jibu linakuja. Kisha akaliweka taulo kwenye kiti akafunga mlango polepole. Kocha alikuwa amewafuata kwa gari na Lenzi amekaa mbele. Nimewasikia dirishani wakisogea kumpa mama mkwe nafasi, wote wanaongea kwa pamoja.

Nyumba imetulia. Nimelihamisha taulo, nimepata kiti cha kupangia kalamu. Meza nzima ni yangu. Naanza sharti la tano.